Chakula cha Wazee katika Milima ya Kilungu

Wahenga walisema kwamba jungu kuu halikosi ukoko, na kila mwanafunzi aliyesoma methali ajua maana yake: mtu aliyeishi miaka mingi hakosi akiba ya maarifa. Kwa sababu hiyo vijana huwaendea wazee wakiwa na maswali tele. Huwauliza habari za vita, za njaa, za ukoo, na za mipaka ya mashamba. Lakini liko swali moja ambalo ni nadra kuwauliza, nalo ni hili: "Leo umekula nini?" Insha hii, msomaji, yahusu swali hilo. Nataka tufuatane katika historia ya sehemu moja ya Ukambani, tuone chakula cha mzee kilikuwaje zamani, kilibadilikaje, na ni nani waliopewa kazi ya kuiangalia afya yake.

Sehemu yenyewe ni Nunguni. Mji huu mdogo umekaa juu ya milima ya Kilungu, katika Kaunti ya Makueni nchini Kenya, upande wa mashariki wa barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa. Watu wengi wakisikia jina la Ukambani hufikiri nchi kavu ya mibuyu na miiba. Lakini mwenye kupanda Nunguni hukuta baridi, na miteremko iliyokatwa matuta kama ngazi toka bondeni hadi juu. Hapa huota mahindi, maharagwe, kahawa, ndizi, sukuma wiki, maparachichi na matunda mengine. Ukishuka kuelekea Kibwezi, au ukivuka kwenda Kitui, mvua hupungua, na shamba hutaka mtama, mawele, mbaazi, kunde na ndengu. Milima na nyanda hizo zimelishana tangu kale. Mwaka ambao mvua ilikosa huko chini, watu walipanda milimani na vyondo vyao kutafuta chakula kwa jamaa na marafiki.

Zamani, kabla ya reli kufika, nafaka za Mkamba zilikuwa hasa mtama, mawele na wimbi. Pamoja nazo zilikuwako mbaazi, ambazo kwa Kikamba huitwa nzuu, na kunde, na majani ya kunde yaliyopikwa kuwa mboga. Ng'ombe na mbuzi walitoa maziwa, na nyama ilipatikana siku za karamu na za shauri. Nyuki walitoa asali. Mahindi nayo yalipoenea, yalitwangwa kinuni mpaka maganda yakatoka, yakawa muthokoi. Na mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe au mbaazi yakawa isyo, chakula ambacho hata leo ni fahari ya Ukambani.

Wanawake waliochanganya nafaka na kunde chunguni hawakuwa na kitabu cha sayansi, lakini walitenda jambo ambalo sayansi imelithibitisha baadaye. Protini ya nafaka ina upungufu wa sehemu ambayo kunde na maharagwe wanayo kwa wingi; na hao nao wana upungufu wa sehemu nyingine ambayo nafaka inayo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja hulipa deni la mwenzake. Mzee asiyeweza kupata nyama kila siku aliweza, kwa njia hii, kuulinda mwili wake.

Hata hivyo tusidanganyike tukadhani kwamba siku za kale zilikuwa siku za shibe tupu. Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa majina, na orodha ya majina hayo ni kama kitabu cha historia. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilikuja Yua ya Ngomanisye, yaani njaa iliyoenea kila mahali. Mvua zilikosa, mifugo ilikuwa imekwisha kupukutika kwa maradhi, na ndui ikafuata nyuma ya njaa. Mwaka 1961 ilikuja Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa maana chakula cha msaada kiliangushwa kutoka angani. Katika miaka ya 1980 ikaja nyingine iliyoitwa Nikw'a Ngwete, jina lenye maana ya "nafa huku nimeshika," kwa maana mtu alikuwa na fedha mkononi na chakula cha kununua hakipo. Tafakari jina hilo la mwisho, msomaji. Babu zake hawakuwa na neno kama hilo, kwa sababu babu zake hawakununua chakula dukani. Katikati ya majina hayo mawili, la kwanza na la mwisho, yamo mageuzi makubwa ambayo sasa sharti tuyatazame.

Reli ya kutoka Mombasa ilipita katika nchi ya Wakamba na kufika Nairobi mwaka 1899. Nyuma yake ikaja kodi ya nyumba, na kodi hailipwi kwa mtama. Vijana wakashuka kutoka milimani kwenda kutafuta mshahara mijini, katika mashamba ya walowezi, na katika majeshi. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliwachukua wanaume wengi wa Ukambani kuwa wapagazi, na maelfu ya wapagazi wa Kenya hawakurudi. Wengi wao waliuawa na maradhi kuliko risasi. Na sababu mojawapo ilikuwa chakula cha unga wa mahindi usioiva vizuri, ambao matumbo yao hayakuuzoea. Hata hivyo mahindi yaliendelea kushinda. Yalikuwa rahisi kupanda, ndege hawakuyala kama walivyokula mtama, na kazi ya kuamia ndege ilikuwa ya watoto ambao sasa walianza kwenda shuleni. Kidogo kidogo nafaka moja ikachukua mahali pa nafaka tatu.

Wakati huo huo wataalamu walianza kuuliza watu wa Kenya hula nini. Mwaka 1931 John Boyd Orr na mwenzake Gilks walichapisha uchunguzi wao uliolinganisha Wakikuyu na Wamasai. Waliona kwamba mwanamume wa Kimasai, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi mwenzake wa Kikuyu, aliyekula zaidi nafaka na viazi, kwa kimo cha inchi 5 na uzito wa ratili 23. Boyd Orr ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1945. Lakini angalia ni nani waliopimwa na kutajwa katika hesabu ile: ni watu wazima wenye nguvu za kazi. Mzee aliyekaa kivulini hakuwa swali la wataalamu wa siku zile.

Katika Ukambani maziwa nayo yalikuwa mashakani. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji, na serikali ya kikoloni ikasema kwamba ng'ombe wamezidi. Mwaka 1938 ng'ombe walinyang'anywa na kuuzwa kwa nguvu. Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaandamana mpaka Nairobi kumtaka gavana awasikilize. Muindi alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha kuwanyang'anya watu mifugo yao. Vitabu vya shule hulisimulia jambo hili kama habari ya siasa, nalo kweli ni la siasa. Mimi nakuomba ulione pia kuwa ni habari ya kibuyu cha maziwa. Mtu aliyechukuliwa ng'ombe alichukuliwa maziwa ya mtoto wake na ya mama yake mzee.

Baadaye nchi ikaponywa, na dawa yake ilitoka katika desturi ya wenyeji. Wakamba walikuwa na mwethya, ambao ni ushirika wa majirani wa kufanya kazi kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ilitaka kazi ya matuta ifanywe kwa amri, na watu wakaichukia. Lakini kazi ile ile ilipofanywa na mwethya, kwa hiari na kwa wimbo, matuta yalienea mlima hadi mlima. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 yaliendelea kuchimbwa, aghalabu na wanawake, kwa maana waume wengi walikuwa mijini. Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 1932. Mwaka 1989 walikaribia 1,400,000. Nchi iliyodhaniwa inakufa ililisha watu karibu mara sita, na udongo wake ukahifadhiwa vizuri kuliko kwanza.

Wengi wa wanawake waliochimba matuta hayo wamekwisha kuondoka duniani, na wale waliokuwa wasichana wakati huo sasa ni wazee. Yafaa tujue wanakula nini juu ya matuta waliyoyachimba.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao pengine utaufananisha na mtu umjuaye. Yuko susu mmoja, maana yake bibi, anayekaa peke yake katika kijiji cha milimani. Wanawe wako Nairobi na Mombasa. Shambani mwake mna miti ya maparachichi, maharagwe na kuku. Asubuhi hunywa chai ya sukari. Mchana hula ugali uliobaki na chumvi, kwa sababu kupika isyo hutaka kuni nyingi na saa nyingi, na mikono yake hainyanyui tena chungu kizito. Mayai huyauza apate fedha za mafuta ya taa. Maparachichi huchukuliwa na wanunuzi wakayapeleka mjini kwa lori. Majirani wakimwona huamkiana naye na kupita, wala hakuna asemaye kwamba ana njaa, maana ghala yake haikosi mahindi. Hata hivyo mwili wake wapungua mwaka hadi mwaka. Hii ni njaa ambayo Wakamba hawajaipa jina.

Nafaka moja ina hatari nyingine pia. Mwaka 1981, na tena kwa ukali zaidi mwaka 2004, mahindi yaliyovunwa na kuwekwa nyumbani kabla hayajakauka yalipata kuvu ifanyayo sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Katika msiba wa mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Mwenye mbaazi, mtama na kunde ghalani aweza kuyatupa mahindi mabovu. Asiye na kitu kingine huyala.

Sasa tutazame upande wa afya. Kwa muda mrefu huduma ya afya ilikaa mahali pamoja ikamngoja mgonjwa aifuate. Kijana aweza kutembea maili kumi kwenda hospitali, mzee hawezi. Mwaka 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, iliyojulikana baadaye kwa jina la AMREF, ili daktari amfuate mgonjwa. Mwaka 1965 serikali ya Kenya huru iliondoa ada kwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka 1978 mataifa yalikutana katika mji wa Alma-Ata, uliokuwa katika Umoja wa Kisovieti, yakatangaza kwamba afya ya msingi sharti ipelekwe karibu na watu wanapoishi na kufanya kazi, nao wenyewe washiriki katika kuipanga. Katika miaka hiyo hiyo AMREF ilianza kazi huko Kibwezi, katika nyanda za chini za Makueni ya leo. Wanakijiji waliochaguliwa na wenzao walifundishwa usafi, chakula bora na matibabu ya kwanza, wakarudi kuwahudumia majirani. Kwa kweli huo ulikuwa mwethya wa afya.

Njia haikunyooka. Mwaka 1989 ada za hospitali zilirudishwa, na wasio na mshahara, wakiwamo wazee, waliumia. Mwaka 2006 serikali ilitoa mpango wa taifa wa afya ya jamii, ulioweka wahudumu wa kujitolea vijijini. Makueni, iliyokuwa wilaya tangu 1992 na kaunti tangu 2013, ilianzisha mwaka 2016 mpango wake ulioitwa MakueniCare: kila nyumba ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikapata matibabu katika hospitali za kaunti, na wazee waliozidi miaka 65 hawakudaiwa kitu. Mwaka 2023 nchi nzima iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vipimo vya shinikizo la damu, vya sukari, vya joto na vya uzito, kila mmoja akiwa na nyumba zipatazo mia za kutembelea.

Ukiyachunguza maendeleo hayo utaona jambo moja. Katika programu za lishe, mama mjamzito na mtoto mchanga walitangulia. Utepe wa kupima mkono wa mtoto ulijulikana vijijini muda mrefu kabla ya mtu kufikiri kumpima mzee uzito. Sithubutu kuliita kosa, maana watoto walikuwa wakifa kwa wingi. Lakini mzee amekuja mwisho katika daftari, na amekuja hasa kwa mlango wa dawa: presha yake, sukari yake, macho yake. Mlango wa chakula bado umefunguliwa nusu.

Basi mwili wa mzee wataka nini? Kwanza, kwa kuwa hafanyi tena kazi nzito, haja yake ya vyakula vya kutia nguvu, kama ugali na viazi, hupungua. Haja yake ya protini haipungui. Misuli hupotea kidogo kidogo kadiri umri unavyosonga, na mzee asiyepata maharagwe, mbaazi, mayai, maziwa, samaki au nyama hulegea miguu akaanguka. Pili, mifupa yake hupoteza chokaa, na aangukaye huvunjika upesi. Tatu, hisi ya kiu hufifia, hata aweza kupungukiwa na maji mwilini bila kutambua. Nne, ulimi hupoteza ladha, naye huongeza chumvi ili chakula kimpendeze, na chumvi hupandisha shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kidogo cha chai, na ale angalau gramu 400 za matunda na mboga.

Ukilinganisha haja hizo na mazao ya Kilungu, utastaajabu. Karibu kila kitu kipo. Muthokoi ni laini kwa mwenye meno machache, ingawa kukobolewa huondoa baadhi ya vitamini. Basi uchanganywe na mbaazi au maharagwe na kuliwa pamoja na mboga za majani. Parachichi lililoiva halihitaji meno hata kidogo. Uji wa wimbi au mawele, ukitiwa maziwa, ni chakula kamili kuliko chai ya sukari. Yai moja lisilouzwa lina thamani katika mwili wa bibi kuliko bei yake sokoni.

Yupo atakayesema kwamba shida ni fedha na sheria. Yote mawili ni ya haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na serikali. Kwa mpango wa Inua Jamii, serikali ilianza mwaka 2018 kuwapa wazee wote wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini fedha hazitwangi muthokoi, wala sheria haiteki maji. Mhamasishaji wa afya mwenye nyumba mia hawezi kufika kila siku. Kati ya ziara moja na nyingine kuna siku nyingi, na kila siku ina saa ya kula.

Ndiyo sababu nimekurudisha mara nyingi kwenye neno mwethya. Watu waliopanga zamu ya kuchimba matuta waweza kupanga zamu ya chungu. Nyumba ipikayo isyo Jumatatu yaweza kupeleka bakuli kwa mzee jirani, na nyumba nyingine Jumatano. Zamu haitaki ofisi wala mhuri. Yataka mtu mmoja wa kuanza, na huyo mmoja aweza kuwa wewe, mwanafunzi, maana miguu yako ni myepesi na umesoma mambo ambayo wengi kijijini hawakupata nafasi ya kuyasoma.

Likizo ijayo ukienda kwa babu au bibi, hapo Kilungu au popote pengine Afrika Mashariki, fanya mambo machache. Msaidie kuchambua maharagwe na kupasua kuni. Tazama mahindi yake kama yamekauka na hayana kuvu. Mpe maji ya kunywa bila kungoja ayaombe. Mshauri mayai mawili matatu kila juma yabaki nyumbani. Mtajie siku ambayo mhamasishaji wa afya hupita, umsindikize kupimwa ikiwa kuna haja. Kisha, mkiwa mnakula pamoja, muulize habari za njaa alizoziona na majina yake, uziandike katika daftari. Wazee wa Ukambani waliihifadhi historia yao kwa kukumbuka chakula kilivyokosekana; nasi twaweza kuwatunza kwa kuhakikisha hakikosekani mbele yao. Ukoko wa jungu kuu ni mtamu kwetu sote, lakini sharti kwanza kuwe na kitu jungumoni.